Kuoa na Kuchukua

Garsen yote ya miaka ile hakukuwa na mtu aliyejisifia lugha kama Gunga. Alikuwa Mpokomo wa Golbanti, mtoto wa misheni, na alikuwa na kazi ambayo kila mwenye suruali pale aliitamani: mfasiri wa korti. Waorma walipoleta kesi zao, Gunga alisimama katikati, akageuza Kiorma kuwa Kiswahili, karani akageuza Kiswahili kuwa Kiingereza, na Bwana DC akaandika. Gunga akitoka pale nje kifua mbele, utadhani hukumu ameitoa yeye.

Kiorma hicho hakufundishwa na mtu. Alikiokota mtoni utotoni, pale wafugaji wa Kiorma walipoteremsha ng'ombe kunywa maji wakati wa kiangazi, na ng'ombe wakapitia kwenye mahindi ya baba yake. Baba alitukana kwa Kipokomo, wao wakajibu kwa Kiorma, na mtoto akasimama baina yao akipeleka huku na kuleta kule. Mara nyingi matusi aliyaacha njiani. Kwa hiyo ukimuuliza lini alianza kazi, alikwambia, "Kabla Mzungu hajanijua."

Na Waorma walimpenda, lazima isemwe. Wazee wakimwona humpisha nafasi kwenye mkeka, humletea maziwa, humwambia, "Haya, tusimulie ulivyompata mama watoto." Gunga huanza kuwasimulia kwa Kiorma jinsi alivyomwoa Rosina, na kabla hajafika mbali wazee hushika mbavu kwa kicheko. Yeye hufurahi, na huongeza chumvi. Alidhani wanacheka utamu wa hadithi.

Basi mwaka wa hamsini na sita, mvua zilipokatika na barabara ikapitika, ilikuja barua ikimwita Mombasa. Kulikuwa na kesi ya Jatani, kijana wa Kiorma aliyekamatwa miezi minne nyuma akashitakiwa kwamba amemtorosha binti wa watu, Darmi. Mshitaki alikuwa Dukicha, ammi yake Darmi. Jatani alisema Darmi ni mkewe wa halali: marehemu baba yake Darmi alimwoza kwa mdomo wake kabla hajafa, na nikahi ilisomwa na sheikh msafiri kule karibu na Chewele. Dukicha akasema hakuna nikahi wala nini, na huyo sheikh ni wa ndoto. Sheikh mwenyewe alishaondoka zamani, hajulikani yu wapi. Kesi ikaonekana nzito, ikapelekwa Mombasa, na aliyeandika maelezo ya Jatani siku ile ya kwanza pale Garsen ni nani? Ni Gunga.

Gunga hakuifikiria sana kesi. Aliifikiria safari. Miaka sita hajaiona Mombasa, na miaka sita hajamwona Awadh.

Awadh alikuwa Mswahili wa Kipini. Walianza kazi pamoja huko Kipini, enzi za ofisi ya wilaya kukaa pale, wote wawili vijana, mmoja mfasiri, mwingine tarishi. Ofisi ilipohama, Awadh alisema yeye haendi barani kuliwa na mbu, akahamia Mombasa akawa fundi wa kushona kanzu. Rosina, mke wa Gunga, aliposikia safari ni ya kwa Awadh, alifunga mchele wa deltani vibaba vinne na kambare wakavu kwenye gunia, akasema, "Mwambie Fatma wake kwamba kambare hawa waroweshwe kwanza. Mara ile aliwakaanga hivyo hivyo akasema Wapokomo wanakula mbao."

Lori lilimchukua siku mbili. Vumbi, kivuko, vumbi, kivuko kingine, na kambare wakinuka chini ya kiti mpaka dereva akauliza nani amekufa. Jumatatu adhuhuri Gunga alisimama mlangoni kwa Awadh mtaa wa Kibokoni, mwekundu kwa vumbi toka kofia hadi viatu.

"Hodi!"

"Yallah! Ndoo, yakhe, ndoo!" Awadh aliruka kutoka kwenye cherehani na uzi ungali mdomoni. "Fatma! Njoo umwone Gunga amekuwa mzee!"

"Mzee ni wewe uliyeng'oka meno."

"Moja tu, na lilikuwa halina kazi."

Walicheka, wakashikana mikono, hawakuachana kwa muda. Jioni hiyo walikaa barazani wakinywa kahawa na kuwarudia watu wa Kipini mmoja mmoja, aliyekufa, aliyeoa, aliyefilisika. Awadh alimpima kanzu bila kumuuliza. Gunga alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo siku nyingi, na alisema hivyo waziwazi: "Awadh, ningeweza, ningekaa hapa mwezi."

"Kaa! Kesi itakwisha kesho. Mwizi wa mke ana kesi gani?"

"Si mwizi wa mke. Ni kijana mzuri yule. Lakini maelezo yake yamembana," Gunga akasema. "Alisema mwenyewe kwa mdomo wake: nilimchukua Darmi. Niliandika kwa mkono wangu, na nilipomsomea akatia dole gumba. Sasa aje aseme nikahi, nani atamwamini?"

Alisema hivyo akachovya mkate wake kwenye kahawa.

Jumanne asubuhi korti ilijaa. Jaji alikuwa Mzungu mwenye sauti ndogo. Jatani alisimama kizimbani, amekonda, kichwa kimenyolewa, lakini alipomwona Gunga uso wake ulichangamka kabisa, maana alimwona mtu wa kwao. Dukicha alikaa mbele na fimbo yake magotini. Nyuma walikaa wanawake wawili: Darmi, na shangazi yake Barwako, mwanamke mrefu aliyezoea kuuza maziwa sokoni Garsen na hakuogopa kiumbe.

Darmi alipanda, akaapishwa. Wakili wa serikali akamuuliza swali jepesi, kama mtu afunguaye mlango. "Huyu Jatani alikufanya nini?"

Darmi alijibu bila kusita, tena kwa fahari, akimtazama Jatani: "Na fuudhe."

Gunga akatafsiri: "Alinichukua."

Karani akalitia kwenye Kiingereza. Wakili akatabasamu, akakaa chini kidogo, akainuka tena. Jaji aliandika. Darmi naye aliitikia kwa kichwa kwa furaha, kwa sababu alidhani amemtetea mumewe vizuri. Baadaye alieleza habari za nikahi na sheikh, na Gunga alizitafsiri zote kwa uaminifu, lakini wakili akasema jambo ambalo Gunga alilazimika kuligeuza yeye mwenyewe kwa Kiorma: kwamba mshitakiwa na binti, kila mmoja alipoulizwa swali la kwanza, kabla hajapata nafasi ya kutunga, alisema kuchukua. Nikahi ni maneno ya kufundishwa baadaye. Jaji akasema atasikiliza la mwisho kesho asubuhi, kisha atatoa hukumu.

Gunga alipotoka nje, Barwako alikuwa amesimama langoni kumngoja. Hakumsalimu.

"Wewe Gunga," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "kwa nini wewe sema chukua?"

"Mama, nilisema alichosema Darmi."

"Hapana. Darmi hapana sema chukua. Chukua ni kuni. Chukua ni kibuyu. Mimi nauza maziwa, mimi najua chukua!" Kisha akaacha Kiswahili akahamia Kiorma, polepole, kama anayesema na mtoto. "Sema: nimechukua kibuyu."

"Fudhe," akasema Gunga.

"Sema: nimeoa mke."

"Fudhe."

Darmi, aliyesimama nyuma ya shangazi yake, aliziba mdomo. Alikuwa amelia tangu wakili aseme nikahi ni ya kutunga, na bado kicheko kilimponyoka. Barwako hakucheka.

"Fudhe," akasema, fupi, kama mtu akataye kamba. "Hiyo ni kuchukua. Fuudhe." Akalivuta. "Hiyo ni kuoa. Wewe husemi fuudhe. Miaka yote husemi. Unawasimulia wazee kwamba ulimbeba Rosina kama mzigo wa kuni, nao wanacheka mpaka wanalia. Hukujua?"

Hakujua. Kwa Kipokomo kurefusha sauti ndani ya neno hakumfanyi mtu mke wala kuni, na sikio la Gunga lilikuwa la Kipokomo tangu utotoni. Alisimama pale langoni jua la saa saba likimpiga utosini, na jambo la kwanza lililomchoma, tumsamehe kwa hilo, halikuwa Jatani. Yalikuwa yale mazoea ya mkekani, maziwa, vicheko. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Halafu ndipo akamkumbuka Jatani.

"Na mbona hamkunirekebisha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Barwako alimtazama kama anayeulizwa swali la kijinga. "Mtu akija nyumbani kwako akanywa maziwa akamwaga kidogo, utamkemea? Umeingia lugha yetu kama mgeni. Mgeni hakosolewi."

Gunga alifika kwa Awadh hana rangi. Fatma alikuwa amepika wale kambare, wameroweshwa sawasawa safari hii, na Gunga hakugusa. Akaeleza yote. Awadh alisikiliza mkasi mkononi, kitambaa cha kanzu ya Gunga kikiwa kimetandazwa mbele yake.

"Sikiza, yakhe," Awadh akasema mwishowe. "Kesho binti akiulizwa tena, wewe sema kuoa. Kimya kimya. Yaishe."

"Maelezo yako kortini kwa mkono wangu yanasema kuchukua. Nikisema kuoa kesho, jaji atasema binti amebadilisha maneno. Nitakuwa nimemzamisha zaidi."

"Basi, nyamaza. Huyui kwamba ukijitia kosa kazi imekwenda? Umebakiwa na miaka mingapi upate kiinua mgongo chako?"

"Miwili."

"Miwili! Na watoto wawili shuleni! Yule kijana atafungwa miaka mingapi?"

"Labda mitatu. Labda mitano. Na Dukicha atamwoza Darmi kwa tajiri mmoja aliyekwisha kumwahidi."

Awadh aliuweka mkasi chini. Alikuwa mtu mwema, na alichosema alikisema kwa mapenzi: "Mimi ni rafiki yako wewe. Yule kijana si rafiki yangu. Lazima niseme upande wako."

"Najua," Gunga akasema. "Na nakushukuru. Lakini nilimsomea maelezo yale, Awadh. Nilimsomea kwa Kiorma changu, na akanitazama usoni akatia dole."

Fatma alisimama mlangoni na sahani ya wali. Hakuwa na mazoea ya kuingilia maneno ya wanaume, lakini siku hiyo aliingilia. "Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Shemeji amekwisha kujikwaa. Sasa mwamwambia akae pale pale alipoanguka?" Akaweka wali mezani akarudi jikoni.

Jumatano, kabla wakili hajasimama, alisimama Gunga. Mfasiri hana ruhusa ya kusema lake kortini. Kazi yake ni kuwa mdomo wa wengine. Karani alimvuta kanzu kwa nyuma, ile kanzu mpya, uzi ungali unaning'inia, kwa kuwa Awadh aliimaliza alfajiri akamvika kwa mikono yake.

"Bwana Jaji," Gunga akasema kwa Kiswahili, "kosa liko kwangu. Jatani hakusema kuchukua. Alisema kuoa. Darmi alisema kuoa. Mimi sikusikia vizuri, wala sisemi vizuri. Lugha yao ina maneno mawili, mimi nikasikia moja."

Karani alisita, akatafsiri. Wakili wa serikali aliruka: korti itajuaje kwamba mfasiri huyu hakununuliwa usiku? Jaji akamgeukia Gunga, akauliza, "Unaweza kuonyesha?"

"Mimi siwezi, Bwana. Mimi ndiye nisiyeweza." Kisha akamgeukia Dukicha. "Mwulizeni huyu mzee. Ni mshitaki, hana sababu ya kumsaidia Jatani. Aseme kwa Kiorma nimechukua fimbo. Kisha aseme nimeoa mke."

Dukicha alijua anakopelekwa. Uso ulimjaa hasira, akakaza fimbo. Angeweza kuyasema maneno yote mawili kwa namna moja. Lakini nyuma pale walikaa Waorma kama kumi, wachunga ng'ombe wa wafanyabiashara walioshuka Mombasa na mifugo, na mzee wa Kiorma hatasema lugha ya baba yake kwa kuivunja mbele ya vijana wake, afadhali ashindwe kesi. Akainuka.

"Ulee fudhe," akasema, na fimbo ikainuliwa kidogo.

Kisha akaishusha. "Niitii fuudhe."

Korti nzima iliisikia. Hata yule askari wa mlangoni, Mkamba aliyekuwa hajui Kiorma hata neno, aligeuza kichwa. Jaji akamwomba arudie, akarudia. Kisha jaji akamwambia Jatani aseme yeye alisema nini Garsen siku ile ya kwanza, na Jatani akasema, na neno likatoka refu, lililonyooka, hakuna awezaye kulikataa.

Jaji akaandika sana. Alipoinua kichwa hakumtazama Jatani, alimtazama Gunga.

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Kumi na minne, Bwana."

"Na neno hili limepita mara ngapi katika kinywa chako?"

Kesi za wake, kesi za mahari, kesi za binti waliokimbia na binti waliokimbizwa. Kila kiangazi zilikuja, na Gunga akazigeuza moja baada ya moja kifua mbele. Nyuso zikamjia, za watu waliofungwa na watu waliorudishwa kwa baba zao, na hakujua ni nani kati yao alikuwa ameoa na nani alikuwa amechukua.

"Sijui, Bwana," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu. "Nyingi."

Jatani aliachiliwa kabla ya saa sita. Gunga naye aliambiwa hatatafsiri tena, na kwamba barua itatangulia kumfikia DC. Alisema ahsante. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, hana kazi, hana lugha, ana kanzu nzuri.

Jatani alikuja akachuchumaa mbele yake. Mikono yake ilikuwa na alama za pingu. Darmi na Barwako walisimama kando kidogo, kwa adabu.

"Abba," Jatani akasema, kwa kuwa ndivyo walivyomwita Gunga wote, baba. "Usilie. Umeniokoa."

"Nimekuweka ndani miezi minne. Mwanangu, nilikusomea maelezo. Nilikwambia fudhe, na ukasikia fudhe. Kwa nini ulitia dole?"

Jatani alionekana kuona haya kwa kuulizwa. "Nilijua ndivyo unavyosema, abba. Sote tunajua. Nilidhani unasema vile lakini umeandika sawa. Ningewezaje kumwambia mtu mzima kwamba hajui kusema?"

Gunga akamshika mkono. "Basi sasa nifundishe. Hapa hapa. Fuu... fudhe."

"Vizuri, abba," Jatani akasema upesi.

"Si vizuri!" Gunga akapaza sauti mpaka wapita njia wakageuka. "Usinifanyie adabu! Adabu yenu karibu ikufunge! Nasema tena: fudhe. Nimesema sawa?"

Jatani akamtazama Barwako kuomba msaada. Barwako akageuza uso, akamwachia. Kijana akainamisha kichwa. Jasho lilimtoka. Miezi minne ya rumande haikumtaabisha vile.

"Hapana, abba," akasema mwishowe, kwa sauti iliyosikika kwa tabu. "Umekosea. Sema tena."